Nafundisha Mbagala jioni, Mikocheni Jumamosi: hesabu zilezile, matokeo mbingu na ardhi

#1 Chaki Nyeupe

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mwalimu wa hisabati ambaye ajira ya serikali bado inanipiga chenga, kwa hiyo naishi kwa twisheni. Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa kumi na moja jioni niko Mbagala, hapa Dar, chini ya banda la bati nyuma ya nyumba ya mtu. Watoto 50 na ushee wa darasa la tano na la sita, shilingi 500 kwa siku, na asiye nayo namwambia akae tu, maana kumfukuza kunakula muda wa pindi. Jumamosi asubuhi naunganisha daladala mbili hadi Mikocheni kumfundisha mtoto mmoja wa darasa la sita, mezani kwao, feni inazunguka, dada wa kazi analeta juisi. Saa mbili za pale zinanilipa kuliko jioni mbili za Mbagala.

Majuzi mada ilikuwa moja pande zote: kujumlisha sehemu. Yule wa Mikocheni alinikatisha kama mara tano. "Kwa nini asili, hizi namba za chini, hatuzijumlishi?" "Sasa hiyo nne umeitoa wapi?" Kila akinikatisha narudi nyuma, nachora chapati, nakata. Alipomaliza alikuwa ameelewa kweli.

Mbagala nilieleza vilevile, nikachora chapati ileile. "Mmeelewa?" "Ndiyoooo!" Nikaandika nusu jumlisha robo. Zaidi ya nusu ya darasa wakaniletea 2/6, yaani juu wamejumlisha, chini wamejumlisha. Nikaanza kukata tamaa. Ndipo binti mmoja anayekaa nyuma, mama yake anauza vitumbua, akasema bila hata kunyoosha mkono: "Mwalimu, nikiwa na nusu kilo ya unga nikaongeza robo, itapunguaje?"

Nikaduwaa. Kitu ambacho nusu saa ya chaki haikuweza, unga wa mama yake ulikuwa umeshakifanya.

Huyo binti shuleni kwao anahesabika kilaza. Nilipofuatilia, kumbe mwalimu anatuma homuweki kwa picha kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Mama ana simu ya kitochi, haina WhatsApp. Asubuhi binti anasimamishwa mbele na wenzake "wasiofanya kazi".

Swali langu kwenu: kinachomwangusha mtoto ni nyumba aliyotoka, au ni namna anavyofundishwa? Miaka yote nilikuwa nasema nyumba. Sasa sina uhakika.

#2 Mzee wa Upanga

Kijana, usijitaabishe. Mtoto ni kwao. Sisi tulisoma enzi za UPE, ile elimu ya msingi kwa wote, mwalimu mwenyewe kamaliza darasa la saba akapigwa mafunzo ya muda, basi, akaingia darasani. Madaftari ya kugawana. Lakini ukirudi nyumbani baba anauliza umejifunza nini leo, na usipojibu unalijua la kukupata. Wazazi wa leo mtoto anaingia ndani saa mbili usiku, hakuna anayemuuliza hata daftari liko wapi. Wamewaachia walimu kila kitu, kisha wanawalaumu.

#3 Bi Genge

Shikamoo mzee wangu. Huyo mzazi unayemsema ni mimi, tena nipo humu nakusoma.

Naamka saa tisa usiku kuwahi mboga sokoni Ilala. Genge nafunga saa mbili usiku. Mwanangu wa darasa la sita ananikuta nimechoka kama gunia. Daftari naliomba, sikatai. Lakini mimi niliishia la saba, na yaliyomo humo mengine sikufundishwa. Nikague nitafute nini? Naangalia wino mwekundu. Ukiwa mwingi nagomba, ukiwa kidogo nanyamaza. Huo ndio ukaguzi wangu, na sijui kama unamsaidia au unamfundisha kunificha daftari.

#4 Jirani wa Mlimani

Mzee wa Upanga hayuko peke yake. Mwaka 1966 Marekani ilitoka ripoti ya James Coleman, iliyopima wanafunzi zaidi ya laki tano. Kila mtu alitegemea aseme shule za watoto weusi zinafeli kwa sababu hazina vifaa. Akaja na jambo lililowakera wengi: ukilinganisha watoto, tofauti kubwa ya alama inaelezwa na familia zao na wanaosoma nao kuliko majengo na maabara ya shule.

Ila kuna kipande ambacho wanaopenda kumtaja Coleman hukiruka. Stephen Heyneman alifanya utafiti Uganda miaka ya 1970, na mwaka 1983 yeye na William Loxley wakalinganisha nchi 29. Wakaona kadiri nchi inavyokuwa maskini, ndivyo ubora wa shule na wa mwalimu unavyobeba uzito mkubwa kuliko hali ya nyumbani. Wameshapingwa na wengine waliorudia hesabu kwa takwimu mpya, sawa. Lakini kuchukua hitimisho la Marekani ya 1966 na kulibandika Mbagala kama lilivyo ni uvivu.

#5 Kayumba Halisi

Mimi nimesoma kayumba, shule ya serikali, ya Manzese mwanzo mwisho. Madawati tunakaa wanne, wa tano anakaa chini. Leo ni mhandisi, nimejenga Kibamba, watoto wanakula. Mtoto akitaka anaweza. Hizi habari za mazingira ni visingizio, anayepiga msuli anatoboa.

#6 Chaki Nyeupe

Hongera mkuu, kweli kabisa. Naomba nikuulize kitu bila ubaya. Uliokaa nao dawati moja wako wapi?

#7 Kayumba Halisi

Nimekaa na hili swali tangu jana, umenitesa.

Tulikuwa wanne. Mmoja anaendesha bodaboda, mmoja sijui aliko, mmoja ni marehemu. Huyu wa bodaboda ndiye aliyekuwa kipanga wetu. Mimi nilikuwa nadesa kwake mpaka darasa la nne.

Nikajiuliza nini kilibadilika. Mwaka ule mjomba alikuja kukaa kwetu, kamaliza kidato cha sita anasubiri matokeo, hana kazi, hana hela, hana pa kwenda. Kila jioni ananikalisha kibarazani. Sikuelewa, anarudia. Sikuelewa tena, anarudia kwa mfano mwingine, huku ananitukana kidogo. Alikaa miezi kama minane hivi. Baada ya hapo sikushikika tena darasani.

Rafiki yangu hakuwa na mjomba. Sijui niseme nini zaidi.

#8 Ticha wa Mchana

Naongea kama mwalimu wa serikali, zamu ya mchana, shule siitaji.

Darasani kwangu nina 130. Kiwango kinachotajwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Ada na michango vilipofutwa na watoto wakamiminika Januari 2016, tulishangilia, na nilishangilia kweli, kuna watoto wa mtaani kwangu wasingeonja shule. Lakini chumba kilibaki kilekile.

Sasa fanyeni hesabu. Kusahihisha daftari moja dakika mbili tu, nimekimbia kimbia. Mara 130 ni dakika 260. Zaidi ya saa nne, kwa somo moja, na mimi nafundisha masomo matatu. Mtaala tangu 2005 unataka ufundishaji shirikishi, mtoto awe katikati, makundi madogo. Nigawe watano watano, makundi 26. Kuyazungukia yote, kila kundi dakika moja na nusu, kipindi kimekwisha. Kwa hiyo nafanya mnachokijua: naandika nukuu ubaoni, wanakopi, nauliza mmeelewa, wanaitikia. Ile "ndiyoooo" ya Chaki naijua vizuri. Ni salamu tu, wala si jibu.

Na homuweki, kwa nini natoa? Kwa sababu zamu ni fupi na mada haijaisha. Kilichonishinda darasani nakipeleka nyumbani. Nikitulia nakubali kuwa ninachotuma ni kazi yangu, namtumia Bi Genge anifanyie.

#9 Mama Wawili Tabata

Msidhani huku inglishi midiamu tumepona. Nalipa ada ya kunitoa jasho, basi la shule linampitia mtoto saa kumi na moja alfajiri bado kuna giza, na bado kila jioni nafundisha mimi. Mwezi uliopita waliagizwa mfano wa mfumo wa jua. Mtoto wa darasa la tatu! Nimekata maboksi mpaka saa sita usiku, baba yake kapaka rangi sayari, Zohali nimeizungushia kifuniko cha ndoo. Tumepata 92. Nasema "tumepata" kwa sababu mtoto alikuwa amelala.

Jirani yangu yuko zamu za usiku hospitalini, mwanawe kapeleka mpira wa gazeti. Kapata 40. Hapo amepimwa nani?

#10 Asiyekubali

Hivi mnafahamu kuwa shule nyingi zinazosifiwa humu zinachuja kwa mtihani wa kuingia, kisha asiyefika wastani anahamishwa kimyakimya kabla ya mtihani wa taifa? Unachukua watoto ambao tayari wanajua, unawaondoa wanaoyumba, kisha unasema njia zako za kufundisha ni bora. Hata mimi ningekuwa kocha bora kwa kusajili timu ya namna hiyo. Nilifurahi Baraza la Mitihani, NECTA, walipoacha kutangaza shule kumi bora Januari 2023, ingawa mabango barabarani hayajapungua.

#11 Jirani wa Mlimani

Simulizi ya mjomba imenigusa, kwa sababu inajulikana hata vitabuni. Mwaka 1984 mtafiti wa elimu Benjamin Bloom alieleza majaribio yaliyolinganisha aina za ufundishaji, zikiwemo hizi mbili: darasa la kawaida la watoto 30 hivi, na mtoto anayefundishwa peke yake, anarudishwa nyuma mpaka aelewe ndipo aendelee. Mtoto wa wastani wa kundi la pili aliwazidi asilimia 98 ya wale wa darasa la kawaida. Waliopima baada yake wamepata tofauti ndogo zaidi ya hiyo, lakini bado kubwa. Bloom hakuwa anatangaza twisheni. Alikuwa anauliza: tukijua mtoto wa kawaida anaweza kufika huko, darasa lifanye nini lipate walau sehemu ya hayo?

Na kuhusu wingi wa watoto, jimbo la Tennessee kule Marekani mwaka 1985 waliwapangia watoto madarasa kwa bahati nasibu, chekechea hadi la tatu. Madarasa madogo 13 hadi 17, makubwa 22 hadi 25. Madogo yalifanya vizuri zaidi, na waliofaidi zaidi ni watoto wa maskini na weusi.

#12 Ticha wa Mchana

22 ndilo darasa kubwa?? Kwangu 22 ni waliokaa dirishani.

#13 Chaki Nyeupe

Nimesoma yote. Nadhani nimeuliza swali vibaya pale juu. Nimeuliza "nyumba au ufundishaji" kana kwamba ni mizani ya duka, hiki kikipanda kile kinashuka. Nionavyo sasa, namna ya kufundisha ndiyo inayoamua nyumba iwe na uzito kiasi gani.

Mwalimu akimaliza kazi mbele ya mtoto, akasahihisha palepale, akarudia palepale, hata mama akiwa na kitochi hakuna kinachoharibika. Akituma nusu ya kazi nyumbani, basi nyumba imekuwa mwalimu msaidizi, na hapo ndipo mwenye mjomba na asiye na mjomba wanaachana. Mtoto mmoja, nyumba moja, umaskini uleule, lakini kwa mwalimu wa kwanza umaskini hauingii daftarini.

Kumbukeni 2020. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi, wengi wakarudi tarehe 29 Juni. Vipindi vikapelekwa kwenye redio na televisheni, na shule zenye uwezo zikaenda mtandaoni. Kwa miezi mitatu shule nzima ilikuwa nyumba. Yule wa Mikocheni alikuwa na tableti na mimi kwa simu ya video. Mbagala watoto wangu waliporudi baadhi walikuwa wamesahau hata jedwali la sita. Akili zao zilikuwa zilezile za Machi.

Na kidato cha kwanza je? Miaka saba mtoto anasoma kwa Kiswahili, kisha Januari mwalimu wa baiolojia anaingia na Kiingereza. Wa nyumba yenye Kiingereza anaendelea na baiolojia. Mwingine anaanza kutafsiri, na matokeo yakitoka tunasema sayansi imemshinda.

#14 Asiyekubali

Nakupinga kidogo hapo. Futa homuweki zote kesho Dar nzima. Mikocheni watafanya nini? Watakuita Jumamosi NA Jumapili. Mwenye nacho atanunua saa zaidi tu, na pengo litapanuka. Angalau homuweki ilikuwa inampa mtoto wa Mbagala kitu cha kushika jioni.

#15 Chaki Nyeupe

Kweli watanunua, wala sitakataa, nina kodi ya kulipa. Lakini tofautisha mazoezi na kufundisha. Mazoezi ya kitu alichokwisha kukielewa mtoto anafanya hata chini ya taa ya genge. Ninachopinga ni kumpelekea mama mada mpya.

#16 Jirani wa Mlimani

Asiyekubali ana hoja, na hela peke yake haijibu. Hapa kwetu shirika la Twaweza walifanya jaribio la KiuFunza, 2013 na 2014, shule za msingi 350 katika wilaya 10. Shule nyingine zilipata ruzuku ya fedha kwa kila mwanafunzi, nyingine walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu kusoma na kuhesabu, nyingine vyote viwili. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Vilipowekwa pamoja ndipo watoto walisogea kwa kiasi kikubwa. Soma hapo utakavyo, Ticha, usinirushie chaki.

Halafu kuna tatizo ambalo hakuna aliyeligusa: darasa moja lina watoto wa ngazi tano. Ripoti za mwanzo za Uwezo, ule upimaji wa watoto kusoma na kuhesabu, miaka ya 2010 na 2011, zilionyesha karibu watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Ukifundisha mada ya darasa la tatu, unafundisha wale watatu.

Kule India shirika la Pratham lilianza kuwapanga watoto kwa wanachokijua, kwa saa moja au mbili kwa siku, bila kujali darasa lao. Na magharibi mwa Kenya kulikuwa na jaribio la shule 121: nusu waligawa darasa la kwanza mikondo miwili kwa uwezo, nusu kwa bahati nasibu. Mikondo ya uwezo ilifanya vizuri zaidi, na hata wale wa mkondo wa chini walipanda, kwa sababu mwalimu aliweza kuanzia walipo.

Chaki, una banda, una watoto 50. Jaribu.

#17 Mzee wa Upanga

Hiyo ya kuwatenga kwa uwezo tuliwahi kuiona. Mkondo C ulikuwa wa kwenda kufagia na kuchota maji kwa walimu. Angalia usije ukarudisha hilo.

#18 Chaki Nyeupe

Wakuu, wiki tano zimepita, nilisema nitarudi.

Nilianza kwa maswali kumi, kutoka kutoa kwa kuazima hadi sehemu. Matokeo yalinitia aibu. Kuna wa darasa la sita ambao kugawanya hawajui kabisa, na miezi yote nilikuwa nawapigia mapindi ya asilimia. Nikawagawa makundi matatu. Kundi moja niko nalo, mawili yanafanya mazoezi yakisimamiwa na wakubwa wawili wa kidato cha pili ninaowalipa nauli. Nazunguka. Kazi ya nyumbani hakuna: hamtoki bandani mpaka nimeiona daftari, na kwa vile ni 17 au 18 kwa kundi, naweza.

Binti wa vitumbua anasimamia kona ya vipimo. Anauliza kama muuza duka: "Robo tatu ya kilo, kilo ni 2,000, unanidai ngapi?" Wanajibu kuliko wanavyonijibu mimi.

Lililonishinda: makundi niliyaita Moja, Mbili, Tatu. Kijana mmoja wa darasa la sita, mrefu kunizidi, alijikuta Tatu pamoja na mdogo wake wa la nne niliyekuwa nimemruhusu akae. Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Nikamkuta Rangi Tatu stendi anauza maji. Akaniambia, "Mwalimu, mimi niko vizuri tu," akakimbilia daladala. Mzee wa Upanga, ulinionya na sikukusikia.

Nimebadilisha. Sasa makundi ni njia za daladala: Gerezani, Makumbusho, Kawe. Na mdogo wake nimemhamishia Kawe.

#19 Ticha wa Mchana

Wawili kati ya hao wako darasani kwangu. Nimewasikia leo wakati wa mapumziko: "Wewe si uko Gerezani, kunyamaza ndiyo kazi yako." Imechukua siku ngapi, tatu?

#20 Chaki Nyeupe

Mbili.

#21 Bi Genge

Mwalimu, samahani kutoka nje ya mada. Huyo kijana wa maji, akimaliza kuuza ni saa ngapi? Maana kama ni saa moja hivi, na wewe unafunga saa moja, basi hata angetaka kurudi hakukuti.

#22 Chaki Nyeupe

Sikuwa nimemuuliza. Kesho nashukia stendi kabla ya kwenda bandani.